Mhitimu wa fedha: Mafunzo ya kazi au ajira kamili?

Na Mwandishi Wetu

KILA mwaka, vyuo kama Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM), Taasisi ya Uhasibu Tanzania (TIA) na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hutoa wahitimu wa uhasibu, benki na fedha. Wanaobahatika kupata nafasi zaidi ya moja hukabiliwa na swali gumu: wakubali mafunzo ya uzoefu wa kazi yenye posho ndogo, au ajira kamili yenye mshahara?

Kwa haraka, jibu huonekana rahisi. Nyumbani wapo wadogo wanaosubiri ada na wazazi waliojinyima ili kijana asome. Hata hivyo, mshahara unaotajwa katika barua ya ajira sio unaofika mkononi.

Kwa mfano, anayelipwa Sh600,000 kwa mwezi hukatwa asilimia 10, yaani Sh60,000, kwa ajili ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF). Kwa viwango vya kodi vilivyoanza kutumika Julai 2021, kodi yake ni Sh24,000. Iwapo alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), asilimia 15 ya mshahara wa msingi, sawa na Sh90,000, nayo huondoka. Hubaki Sh426,000, kabla ya nauli na pango la chumba.

Pamoja na makato hayo, ajira ina faida zake. Mwajiri naye huchangia NSSF, deni la mkopo hupungua, na mfanyakazi hupata likizo ya mwaka yenye malipo. Lakini mwajiriwa mpya asijione amefika: chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haimhusu aliyefanya kazi kwa mwajiri huyo chini ya miezi sita.

Mafunzo ya kazi, kwa upande wake, hayana uhakika wa kuajiriwa, na posho yake huenda isitoshe hata nauli. Uzito wake uko katika kinachofunzwa. Anayejifunza katika kampuni ya ukaguzi wa hesabu huweza kupitia vitabu vya kiwanda, hospitali na duka la jumla ndani ya miezi michache. Mwenzake anayeketi dirishani benki kama keshia anaweza kumaliza miaka miwili akihesabu noti, bila kuandaa hata taarifa moja ya fedha ya mwisho wa mwaka.

Tofauti hiyo huonekana baadaye. Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1972, haimsajili mtu kuwa mhasibu mwenye CPA kwa kufaulu mitihani pekee. Humtaka pia awe na uzoefu wa kazi husika usiopungua miaka mitatu.

Kwa hiyo, jina la nafasi si kipimo. Mafunzo ambayo kijana hutumwa chai na kutoa nakala za nyaraka hayamjengi, wakati ajira katika idara ya fedha chini ya mhasibu mwenye CPA humpa uzoefu na mshahara kwa pamoja.

Kabla ya kutia saini, mhitimu anapaswa kuuliza mambo manne: atafanya kazi gani hasa, nani atamsimamia, mafunzo au mkataba utakwisha lini, na kama ataruhusiwa kwenda kufanya mitihani ya NBAA. Majibu hayo yawe katika maandishi.

Mwenye familia inayomtegemea hana sababu ya kuona aibu kuchagua mshahara, mradi ajisajili kwa mitihani mapema. Anayeweza kuendelea kuishi kwa wazazi kwa miezi sita anaweza kuchagua mafunzo mazuri. Ila mafunzo yasiyo na msimamizi wala tarehe ya mwisho ni kazi ya bure iliyopewa jina zuri.