Samaki Wakizidi Kizimbani, Hasara Alipe Nani?



Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika tangu 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Ziwa ni moja, na sisi wa Rumonge twajua jinsi ndagala na mukeke walivyopungua. Ndiyo maana ufugaji wa vizimbani unasemwa sana. Basi yafaa kila anayelisha samaki ajue habari ya msongamano, kwa kuwa samaki wakifa yeye ndiye wa kwanza kulaumiwa.

Tuanze na chaza, maana kwao jambo hili ni wazi. Kusini-magharibi ya Unguja, kina mama wa Fumba na Bweleo wamefuga chaza wa lulu kwa kuwatundika katika kamba baharini. Chaza halishwi, huchuja vijimea vidogo mno katika maji yanayopita. Wakibanana, wa nje hula kwanza na wa katikati hupata maji yaliyokwisha chujwa. Hao hudumaa, magamba hupinda, na wanyonge hufa. Kuongeza chaza hakuongezi chakula kilichomo majini.

Ngege wa kizimbani hulishwa kwa mkono, lakini hewa hailetwi kwa ndoo. Hutumia oksijeni iliyomo majini, nao hutoa uchafu wenye amonia, ambayo ni sumu. Maji yakipita vizuri kwenye nyavu, uchafu huondoka. Nyavu zikiziba kwa ukoga, au samaki wakizidi, hewa hupungua. Saa ya hatari ni alfajiri, kwa sababu usiku mimea ya majini haitoi oksijeni bali nayo huitumia. Samaki huja juu wakitweta, huacha kula, hukwaruzana, na ugonjwa huenea upesi.

Sasa tupige hesabu. Kizimba cha meta 2 kila upande kina meta za ujazo 8. Tukitia vifaranga 800 vya gramu 10, uzito wote ni kilo 8, kizimba chaonekana kitupu, na tajiri husema, "Ongezeni!" Lakini wakifika gramu 250 kila mmoja, ni kilo 200, yaani kilo 25 kwa kila meta ya ujazo. Akizidisha vifaranga mara mbili, ni kilo 400 ndani ya maji yale yale. Kwa hiyo msongamano hupimwa kwa uzito wa siku ya kuvuna, si wa siku ya kupandikiza.

Yatupasa kudai haya:

1. Idadi ya vifaranga iandikwe daftarini siku ya kuwatia, na pande zote mbili zitie sahihi.
2. Waliokufa wahesabiwe na kuandikwa kila siku.
3. Kusafisha nyavu kuhesabiwe kuwa kazi yenye malipo.
4. Mshahara usikatwe kwa ajili ya vifo kabla daftari halijatazamwa mbele ya mjumbe wa wafanyakazi.

Asiyepanga idadi asilipishwe hasara ya idadi. Tushikamane.