Gadi, Varista au Ethi: Uanze Kulipia Kipi?

Mvua za Novemba zikishaanza kupiga mabati ya Uyole, kibanda changu hujaa friji, televisheni na ving'amuzi. Juzi kaja mama mmoja, gadi ya friji mkononi, uso kaukunja.

"Fundi, uliniambia ninunue hii, nikanunua. Radi imepiga, friji imekufa, gadi yenyewe taa inawaka kijani. Ndiyo nini sasa?"

"Pole, mama. Gadi haijakosa kitu. Ugonjwa haukuwa wake."

Pesa nyingi hupotelea hapo. Umeme wetu ni volti 230, na una namna mbili za kuunguza vyombo. Ya kwanza ni volti kupanda au kushuka na kukaa hivyo kwa sekunde au dakika. Nyutro ikikatika kwenye nguzo, nyumba inaweza kuletewa volti zinazokaribia 400. Hapo gadi ndiyo mwenyewe: inakata, inasubiri dakika chache, halafu inarudisha, na kompresa inapona. Ya pili ni radi. Hiyo huingiza maelfu ya volti kwa muda usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Swichi iliyomo ndani ya gadi haijafunguka, radi imeshapita na friji imeshaungua.

Dawa ya radi ndani ya chombo ni varista, kile kidude cha duara, mara nyingi cha buluu, kilicholehemiwa karibu na fyuzi. Bei yake haifiki sahani ya wali maharage. Soma maandishi yake: 14D471K maana yake kipenyo ni milimita 14, na inaanza kupitisha umeme kwenye volti 470 hivi, kwa umeme wa nyumbani inavumilia hadi volti 300 bila kuchoka. Ile ya 431 huishia 275. Ukikaa jirani na transfoma ambako usiku volti hupanda, chukua 471. Ukichomoa iliyoandikwa 241 kwenye chombo cha Marekani cha volti 120 ukaifunga huku, itapasuka usoni kwako.

Kati ya milimita 14 na 20 mimi huchukua 20. Tofauti ya bei ni ndogo, uwezo wa kumeza pigo ni mkubwa zaidi. Lakini tusidanganyane: hata hiyo, ikipitisha ampea 100, bado inaacha volti kama 775 ziende mbele. Tena kila pigo linaimaliza kidogo kidogo, na siku ya mwisho inaweza kushika moto. Ndiyo maana fyuzi lazima ikae mbele yake. Fundi akikufungia waya wa kopa mahali pa fyuzi, amekuuzia moto.

Ekstensheni zinazouzwa kwa jina la kuzuia radi? Nimezifungua nyingi. Nyingine zina varista moja nyembamba, nyingine zina taa nyekundu tu. Kama hairuhusiwi kufunguliwa dukani, ihesabu kuwa ekstensheni ya kawaida na uilipie bei hiyo.

Diodi za kuzuia pigo zina kasi kuliko varista ila kifua chake kidogo. Zinafaa saketi za volti 12 na nyaya za mawasiliano. Tyubu ya gesi ni kinyume: kifua kikubwa, mwendo wa pole, na ikishawaka kati ya fezi na nyutro haizimiki kirahisi. Iache kwenye waya wa simu au antena.

Kinga ya nyumba nzima hufungwa kwenye ubao wa swichi kuu, ile ya kiloampea 40 yenye kidirisha kinachobadilika rangi ikichoka. Bei yake ni mara nyingi ya varista, lakini ni ndogo kuliko friji mpya. Ila bila ethi ya kulipeleka pigo ardhini ni pambo. Na hapa Mbeya na Iringa zinaachana. Kwetu Mbeya, udongo wa volkano ni laini, fimbo ya ethi inazama kwa nyundo. Iringa mjini, upande wa Gangilonga na Kihesa, unagonga mwamba wa granaiti, na kuanzia Juni hadi Novemba ardhi imekauka. Wa huko atenge pesa ya fimbo mbili au tatu zilizounganishwa kabla hajafikiria kinga yenyewe, na kazi aifanye fundi mwenye leseni ya EWURA. Waya wa kwenda ethi uwe mfupi. Kila mita inaweza kuongeza volti elfu moja pigo likipita.

Kuchomoa plagi kabla ngurumo hazijaanza hakugharimu kitu. Chomoa na waya wa dishi, wengi huusahau.

Mama kasikiliza, kalipia fyuzi na varista mbili za milimita 20, gadi yake kaondoka nayo. Ya ethi, kasema, inasubiri viazi viuzwe.