Polima Ipimwe kwa Dawa Inayoizuia

Doksorubisini huua seli za saratani, lakini hudhuru moyo pia, na madhara yake hujilimbikiza dozi baada ya dozi. Ndiyo maana madaktari huiwekea kikomo cha maisha yote ya mgonjwa, kwa kawaida miligramu 450 hadi 550 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili. Mwaka 1975 mkemia Mjerumani Helmut Ringsdorf alipendekeza dawa za namna hii zifungwe kwenye mnyororo mrefu wa polima, kwa kiungo kitakachokatika pale tu dawa inapohitajika. Tangu hapo wengi wameitegemea asidi ikate kiungo hicho. Damu ina pH ya 7.4, ilhali uvimbe wa saratani, ambao hutumia sukari nyingi na kutema asidi ya laktiki, mara nyingi huwa kati ya 6.5 na 7.

Tofauti hiyo ni ndogo kuliko inavyosifiwa. Kutoka 7.4 hadi 6.8, ioni za haidrojeni huongezeka mara nne tu, na kutengeneza kiungo kinachotulia kwenye damu kisha kikavunjika upesi kwa badiliko dogo hivyo ni kazi ngumu mno. Tena asidi hukolea mbali na mishipa ya damu, mahali ambapo molekuli kubwa hupenya kwa shida. Ndani ya seli mambo ni tofauti. Polima ikishamezwa huishia kwenye lisosomu, vifuko vya kumeng'enyea vyenye pH karibu na 5, ambako ioni hizo ni takriban mara 250 ya zile za kwenye damu. Hapo kiungo cha hidrazoni, aina inayokatwa na asidi, hukatika bila shida.

Atakayepinga atasema kwamba lisosomu zimo hata katika seli za ini zenye afya, na ni kweli kabisa: asidi haiitambui saratani. Ataongeza uchambuzi wa mwaka 2016 wa majaribio ya wanyama, ulioonyesha kuwa kiwango cha kati cha chembechembe za nano zinazofika kwenye uvimbe ni asilimia 0.7 ya zilizodungwa. Kwangu takwimu hiyo ndiyo hoja yenyewe. Ikiwa zaidi ya asilimia 99 huenda kwingine, basi thamani ya polima iko katika kuizuia dawa isiachiliwe huko. Faida ya kuizuia dawa hivyo inaonekana hata bila polima: Doxil, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995, huifungia doksorubisini ndani ya kifuko cha mafuta, na imepunguza madhara kwa moyo, ingawa imeleta vidonda vya viganja na nyayo. Kwa hiyo mchoro wa dawa ikimwagika kwenye pH 5 hautoshi. Maabara zitangulize kipimo cha uvujaji kwenye damu halisi, kwa muda wote ambao polima huzunguka mwilini, pamoja na kiasi kinachoachiliwa kwenye ini na wengu.