Tovuti kupendeza si hoja, je, inakufikisha?

Wiki hii naomba tuwekane sawa. Kuna tovuti kibao mjini hapa ambazo ukizifungua utadhani bibi harusi siku ya sendofu. Rangi zinameremeta, picha za mabosi zinapita zenyewe kushoto na kulia, maandishi nayo yanacheza. Sasa iombe ikuonyeshe pa kutuma maombi ya kazi. Kimya! Huo mimi nauita usanii.

Tovuti si picha ya kutundika ukutani. Ni kama konda wa daladala: kazi yake kukwambia gari linakwenda wapi, nauli kiasi gani na ushukie wapi. Akishindwa hayo, hata avae suti, hana maana.

Juzijuzi binti mmoja wa mtaani kwetu alikuwa anaomba kazi kwenye tovuti ya ofisi moja, jina kapuni. Mwisho wa kupokea maombi ilikuwa kesho yake. Nikakaa pembeni namtazama. Fomu ina kurasa 6. Kajaza tano kwa simu yake, kufika ya sita akaambiwa "kuna kosa", basi! Kosa gani, liko wapi, hakuna maelezo. Kurudi nyuma, kila alichojaza kimefutika. Bando nalo likakata. Ikabidi aende stationery, akatoa hela ajaziwe na kijana wa pale, na neno lake la siri akamwachia. Kumbe tatizo lilikuwa tarehe ya kuzaliwa tu: yeye kaweka nukta, mtambo unataka mkwaju!

Hebu fikiria. Kwa ajili ya mkwaju, mtoto wa watu katoa hela asiyokuwa nayo, na siri zake ziko mikononi mwa mtu asiyemjua. Na ukimuuliza atakwambia, "Mimi kompyuta sijui." Si kweli jamani! Aliyetengeneza ndiye hajui.

Mambo haya yana wenyewe. Mdenmark mmoja, Jakob Nielsen, mwaka 1994 alitoa kanuni 10 za kupimia mitambo ya aina hii. Mojawapo inasema mtumiaji ajulishwe kinachoendelea. Nyingine inataka ujumbe wa kosa utaje kosa kwa lugha ya kawaida na namna ya kulirekebisha. Nyingine tena inataka mtu aweze kurudi alikotoka bila balaa. Zote tatu ile tovuti imefeli.

Usidhani ni Bongo tu. Oktoba 1, 2013 serikali ya Marekani ilifungua tovuti ya HealthCare.gov ili wananchi wajichagulie bima ya afya. Kumbukumbu zilizotolewa baadaye zilionyesha kuwa siku ya kwanza waliofanikiwa kujiandikisha mpaka mwisho ni watu 6 tu! Sababu mojawapo ya msongamano ni kwamba mtu alilazimishwa kufungua akaunti kabla hata ya kuona bima zenyewe. Ni sawa na muuza mitumba wa Karume akudai kitambulisho kabla hujashika shati. Wakaja kubadilisha, watu wakaruhusiwa kutazama kwanza.

Sasa na wewe unaweza kuipima tovuti yoyote, diploma haihitajiki. Shika vipimo hivi:

Kwanza, saa. Huyohuyo Nielsen anasema zikipita sekunde 10 bila kitu, akili ya mtu inahamia kwingine. Kwetu sisi wa bando la kupimiwa, inahama na hela.

Pili, kidole gumba. Shika simu kwa mkono mmoja. Ukibofya "tuma" ikafunguka "futa", hapo pana tatizo.

Tatu, jua la saa saba. Toka nje uisome. Maandishi ya kijivu juu ya nyeupe ni ubishoo wa ofisini kwenye kiyoyozi. Kanuni za kimataifa zinataka maandishi ya kawaida na rangi ya nyuma yake vipishane mwanga kwa uwiano wa 4.5 kwa 1 au zaidi.

Nne, lugha. Mpe shangazi yako asome vitufe. Akiuliza "hii maana yake nini?" mara tatu, tovuti imefeli, si shangazi.

Tano, kosea makusudi. Weka namba ya simu pungufu uone itakujibu vipi. Tovuti yenye adabu itakuelekeza pa kusahihisha, na ulichojaza kitabaki palepale.

Na nyie wenye ofisi, msiseme kupima ni gharama. Mwaka 2000 Nielsen aliandika kwamba watu 5 wanatosha kufichua kama asilimia 85 ya kasoro. Waiteni vijana 5 wa mtaani, wapeni simu za kawaida na soda baridi, mkae kimya muwatazame. Msiwasaidie! Pale wanapokuna kichwa ndipo pa kurekebisha.

Kwako msomaji, kama umejaziwa fomu stationery, leo hiihii badilisha neno la siri. Na ukikwama, usijione mjinga. Wapigie simu, waambie ukurasa gani umekukwamisha. Wakisikia kilio hicho mara 50 kwa siku, picha za mabosi zitatolewa zenyewe.

Tukutane wiki ijayo!