Shamba la Jirani ni Ghali, Mbona Mfugaji Analinunua?

Swali hili halikosi katika vikundi tunavyotembelea. Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, kule Kiambu au Kisii, ananunua robo ekari ya jirani kwa bei ya kuruka, na mbali kidogo kuna shamba la bei nafuu. Watu husema anajionyesha tu. Hebu tufanye hesabu.

Ng'ombe wa gredi anayelishwa zizini hula kama kilo 70 za nepia mbichi kwa siku. Watatu ni kilo 210, na sehemu kubwa ya mzigo huo ni maji! Nepia ikiwa nyuma ya zizi, wilibaro yatosha. Ikiwa kilomita tano, ni mkokoteni wa punda kila siku, hata Krismasi, maana ng'ombe hajui sikukuu. Tuseme mkokoteni ni shilingi 300. Kwa mwaka ni shilingi 109,500. Basi hata shamba la karibu likizidi lile la mbali kwa shilingi 300,000, tofauti hiyo inarudi kabla ya miaka mitatu kwisha.

Halafu kuna samadi. Nepia hunyonya udongo sana, usipourudishia mbolea mavuno yanapungua. Mkokoteni ungeweza kwenda nayo badala ya kwenda mtupu, lakini samadi mbichi ni nzito na yamwagika njiani, kwa hivyo huishia kurundikana kando ya zizi.

Kukodi je? Ni rahisi, lakini nepia hukaa shambani miaka kadhaa. Mwenyewe akibadilisha nia, umempandia yeye. Tena jirani wa mpakani huuza mara moja tu. Akilichukua mtu wa kujenga nyumba za kupangisha, limekwenda.

Lakini hesabu hii ni ya mwenye ng'ombe kadhaa na akiba mkononi. Kuchukua mkopo mkubwa kwa ajili ya ng'ombe mmoja, tunasema wazi, ni kujitia kitanzi. Huyo akodi kwanza, na waandikiane.

Ukiamua kununua, usitoe pesa kabla ya kupekua hati katika ofisi ya ardhi. Shamba la kilimo linataka kibali cha Bodi ya Ardhi, nacho huombwa ndani ya miezi sita tangu mapatano. Ukichelewa, mapatano hayana nguvu. Mke au mume wa muuzaji awe amekubali, na afike mbele ya bodi mwenyewe.