Nani Alikaa Humu? Ufuatiliaji wa Wakazi wa Nyumba Kuukuu Mjini Kitale na Bungoma

Utangulizi

Nyumba kuukuu hushuhudia mengi ila haina kinywa cha kuyasema. Makala haya yanaeleza jinsi mtafiti anavyoweza kufuatilia waliowahi kuishi katika nyumba ya zamani ya mjini, kwa kurejelea miji ya Kitale na Bungoma. Tunashikilia kwamba hati za serikali humtambulisha mwenye nyumba kwa wepesi ilhali mkazi hubaki gizani, na kwamba mwanafunzi wa Kiswahili anazo zana za kumtoa gizani humo. Hili si suala la udadisi mtupu. Historia ya mji ikiandikwa kwa hati za umiliki pekee, itawakumbuka wachache na kuwafuta walio wengi.

Mwenye Nyumba, Mpangaji na Mkazi

Kiswahili kinatupa msingi mzuri wa kuanzia. Mwenye nyumba humiliki, mpangaji hulipa kodi, mkazi hukaa. Mtu mmoja anaweza kuwa yote matatu, au moja tu. Katika nyumba ya mlowezi wa Kitale, mwenye hati alikuwa mmoja, lakini nyuma ya nyumba hiyo palikuwa na vyumba vya mpishi, yaya na mtunza bustani. Hao nao walikuwa wakazi. Kwa hiyo, kabla ya kufungua faili yoyote, mtafiti hana budi kuamua anamtafuta nani, kwa maana kila mmoja wao aliacha nyayo mahali tofauti.

Miji Miwili, Historia Mbili

Kitale na Bungoma ni majirani, lakini hazikuzaliwa katika mfumo mmoja wa ardhi. Kitale ilikuwa kitovu cha Trans Nzoia, sehemu ya nyanda zilizotengewa Wazungu. Sheria ya ardhi ya mwaka 1915 iliwawezesha walowezi kukodishiwa mashamba kwa muda wa miaka 999, na reli ilifika Kitale mwaka 1926. Bungoma, kwa upande wake, ilikua kando ya reli kuu ya kuelekea Uganda, ndani ya eneo lililohesabiwa kuwa hifadhi ya Waafrika. 

Tofauti hii huathiri utafiti moja kwa moja. Hadi majimbo yalipobadilishwa na kaunti mwaka 2013, Trans Nzoia ilikuwa katika Bonde la Ufa na Bungoma katika Magharibi. Isitoshe, majina ya utawala yalibadilika. Eneo la Bungoma liliwahi kuwa ndani ya Kavirondo ya Kaskazini, kisha Nyanza ya Kaskazini, halafu Elgon Nyanza kuanzia mwaka 1956, kabla ya kuitwa Wilaya ya Bungoma. Atakayetafuta neno "Bungoma" pekee katika orodha za Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa jijini Nairobi ataambulia machache. Vivyo hivyo, atafutaye Webuye ya kikoloni sharti atafute Broderick Falls.

Hati na Mipaka Yake

Hatua ya kwanza ni sajili ya ardhi. Mtafiti mwenye nambari ya kiwanja huomba upekuzi rasmi na kuonyeshwa aliyesajiliwa. Ili kujua waliotangulia, huomba kuona kadi ya kumbukumbu, ambayo huorodhesha uhamisho, rehani na urithi kwa mpangilio wa tarehe. Katika sajili zilizofunguliwa chini ya sheria ya mwaka 1963, ardhi ya umiliki kamili hurekodiwa kwenye kadi ya kijani na ya kukodi kwenye kadi nyeupe. 

Hatua ya pili ni Gazeti Rasmi la serikali, ambalo limechapishwa tangu mwaka 1899. Humo mna matangazo ya mirathi, hati zilizopotea na leseni. Tangazo la mirathi huweza kutaja jina la marehemu, mahali alipoishi na tarehe ya kifo, mambo ambayo kadi ya ardhi haiyasemi.

Hati hizo pia husaidia kueleza pengo linaloweza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1960. Sheria ya leseni za biashara ya mwaka 1967 iliwabana wafanyabiashara wasio raia, na familia nyingi za Kihindi zikahama miji ya Kenya. Duka lenye makao nyuma yake likabadilisha mkono. Basi jina la Kihindi likikoma ghafla kwenye kadi miaka hiyo, mtafiti asilichukulie kuwa jambo la familia hiyo pekee.

Mfano wa mkazi aliyekumbukwa vyema ni Luteni Kanali Hugh Stoneham, mkusanyaji wa wadudu, ndege na vitabu, aliyeanzisha makavazi yake mwaka 1926. Alipofariki mwaka 1966 aliacha wasia, na mkusanyo wake ukawa chimbuko la Makavazi ya Kitale, yaliyofunguliwa mwaka 1974. Wasia na jengo vimelidumisha jina lake. Mpishi wa enzi hiyo, kwa kawaida, hakuacha kimojawapo. Aliloweza kuacha ni kipande, yaani cheti cha kazi ambacho wanaume Waafrika walilazimishwa kukibeba hadi miaka ya 1940. Kwa kuwa kipande kilionyesha mwajiri na muda wa kazi, kikipatikana sandukuni mwa familia huweza kumfungamanisha mtu na nyumba mahususi.

Simulizi kama Sajili

Hati zinapokoma, mapokeo simulizi huendelea. Hapa ndipo taaluma yetu inapohitajika, kwa sababu simulizi ina mantiki yake ya kupima wakati. Mzee wa Kibukusu huenda asitaje mwaka, bali aseme nyumba ilijengwa wakati rika fulani likitahiriwa. Marika ya Babukusu ni manane: Bakolongolo, Bakikwameti, Bakananachi, Bakinyikewi, Banyange, Bamaina, Bachuma na Basawa. Kila moja huchukua muongo mmoja au zaidi kidogo, na tohara hufanywa katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Mzunguko mzima hukaribia karne. Kwa hivyo, jina la rika huweza kurudi kwa kitukuu, na mtafiti hana budi kuuliza ni Bakolongolo wepi wanaotajwa.

Majina ya watu nayo yanahitaji uangalifu. Wafula huashiria msimu wa mvua, Wekesa mavuno, Simiyu kiangazi. Majina hayo hudokeza msimu wa kuzaliwa, si mwaka, na wenye kuitwa hivyo ni wengi mno. Mwajiri aliyeandika "Wafula, mpishi" hakumtambulisha mtu. Jina la baba, ukoo na kijiji ndivyo vinavyomtenganisha Wafula mmoja na mwingine. 

Kumbukumbu za makanisa huweza kujaza pengo, mradi tujue desturi za kila dhehebu. Wakatoliki huweka daftari za ubatizo, ilhali Marafiki, walioanza kazi Kaimosi mwaka 1902, hawabatizi kwa maji. Kwao mtafiti atafute kumbukumbu za mikutano na orodha za waumini.

Maadili ya Ufuatiliaji

Katika eneo hili, swali "nani alikaa hapa kwanza?" si swali la kawaida. Mapigano ya miaka ya 1990 mwanzoni, yale ya Mlima Elgon kati ya 2006 na 2008, na ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 yaling'oa watu makwao. Anayebisha hodi na daftari mkononi huweza kudhaniwa kuwa mjumbe wa mdai wa ardhi. Kwa sababu hiyo, mtafiti apate kwanza kibali cha utafiti, ajitambulishe kwa chifu, aeleze lengo lake kwa wanaokaa humo sasa, na asichapishe majina ya walio hai bila idhini yao. Jibu la mwenyeji anayekataa kuhojiwa liheshimiwe.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba ufuatiliaji wa wakazi huanza kwa kumbainisha anayetafutwa, hupitia sajili, Gazeti Rasmi na nyaraka za utawala, na hukamilishwa na simulizi zinazopimwa kwa kalenda ya wasimulizi wenyewe. Tunapendekeza vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vikusanye simulizi za nyumba za Kitale na Bungoma sasa, vikianza na waliopika, waliofagia na waliolea humo. Hati za umiliki zitangoja kabatini. Wazee hawatangoja.