Sonara Hupata Wapi Maumbo ya Mapambo Yake?

Kila mwisho wa mwaka katibu wa chama hufunga vitabu vya hesabu, akaona kilichoingia na kilichotoka. Sonara naye yampasa kufunga hesabu ya pili, nayo ni ya maumbo: ni umbo gani alilolipata mwaka huo, na alilipata wapi. Kwa fundi wa Nkome hesabu hii ni ya lazima. Bei ya dhahabu ghafi hufuata uzani na soko la dunia, wala fundi hana sauti juu yake. Lakini ubunifu wa umbo ni mali yake mwenyewe.

Mfano wa Mwadui wafaa kukumbukwa. Mwaka 1947 mgodi wa Williamson ulitoa almasi ya rangi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5. Ilipokatwa huko London zilibaki karati 23.6, na mwaka 1953 kampuni ya Cartier iliifanya kiini cha pambo la kifuani la Malkia Elizabeth wa Uingereza, lenye umbo la ua. Jiwe lilitoka Shinyanga. Umbo lilitoka kwa fundi aliyelitazama ua.

Chimbuko la kwanza: mapambo ya wazee

Kibangwa kilikuwa kipande cha duara cha kombe la bahari, kilicholetwa na misafara kutoka pwani na kuvaliwa na watemi wa Unyamwezi na Usukuma. Uso wake una mstari unaojiviringa hadi katikati, nao waweza kuchorwa juu ya pete au kidani. Masambo yalikuwa nyuzi nyembamba za madini zilizozungushwa juu ya nywele za mkia wa mnyama na kuvaliwa miguuni. Vitindi vilikuwa vikuku vya waya mnene wa shaba. Historia na vifaa vya watemi huonekana katika Makumbusho ya Wasukuma, Bujora, karibu na Mwanza. Hata hivyo, kibangwa kilikuwa alama ya cheo. Ni adabu kuwauliza wazee kabla ya kukiiga.

Chimbuko la pili: ziwa

Dagaa walioanikwa mchangani, magamba ya sato, matundu ya wavu na mabawa ya furukombe ni maumbo yasiyonunuliwa. Fundi anayefika mwaloni akiwa na kalamu na karatasi hurudi na kazi ya miezi.

Chimbuko la tatu: ngoma

Baada ya mavuno, Bagika na Bagalu hushindana. Katika sikukuu ya Bulabo, ambayo kwa kawaida huwa mwezi wa Juni, watu wengi hukusanyika Bujora. Hapo fundi aangalie jinsi shanga zinavyopangwa rangi kwa rangi, na jinsi njuga zinavyofungwa.

Wajibu wa vyama

Hazina hii inapungua. Kila kikuku cha kale kinachouzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu huyeyushwa pamoja na umbo lake, na mzee anayefariki bila kuulizwa huondoka na maana yake. Kwa hiyo makatibu wenye wanachama mafundi wanashauriwa:

(a) Kufungua daftari la maumbo, lenye mchoro wa kila pambo, jina lake, matumizi yake na jina la mwenye nalo, kwa idhini yake.

(b) Kuwahimiza mafundi kuweka tarehe na sahihi katika michoro yao, kwani Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hulinda kazi za sanaa.

(c) Kuhakikisha kwamba dhahabu inanunuliwa kwa njia halali na kwa stakabadhi. Soko la madini lipo mjini Geita tangu mwaka 2019.

(d) Kumweleza mnunuzi ukweli wa karati. Kwa almasi karati ni uzito, gramu 0.2, kwa dhahabu ni kipimo cha usafi. Dhahabu ya karati 18 ni sehemu 18 za dhahabu katika sehemu 24, na zilizobaki ni madini mengine.

Mkulima wa pamba anajua tofauti ya bei kati ya pamba mbegu na kitambaa. Ndivyo ilivyo kati ya dhahabu ghafi na pete yenye umbo lililobuniwa nyumbani.